Kila jioni baba ananiuliza, "Bado?"

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 19. Nimemaliza sekondari na nimeomba kujiunga na vyuo vikuu 6. Maombi ya mwisho niliyatuma wiki 7 zilizopita, na tangu hapo sijielewi.

Asubuhi kabla sijanawa uso nimeshafungua akaunti zote sita. Nikiwa kwenye foleni, nafungua. Nikiwa naongea na mtu, jicho moja liko kwenye simu. Juzi nilijaribu kuhesabu, nikafika mara 31 kabla ya saa saba mchana, nikaacha kuhesabu kwa aibu. Kila ukurasa unasema lilelile: "Maombi yako yanapitiwa." Kuna chuo kimoja ambacho kwa muda mrefu kiliandika "yamepokelewa", halafu siku moja kikageuza, kikaandika "yanapitiwa" kama wenzake. Siku hiyo nilicheka peke yangu chumbani. Kesho yake nikaanza kujiuliza: kwa nini hiki kilichelewa? Ina maana walikuwa wameniweka chini ya rundo?

Usiku ndiyo balaa. Nalala saa nne, ikifika saa tisa macho kodo. Na hapa kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Wiki ya pili baada ya kutuma, usiku, nilifungua tena insha niliyopeleka kwenye chuo ninachokitaka kuliko vyote. Nilitaka kuisoma tu, nijiridhishe. Nilipofika aya ya mwisho nikakuta nimeandika kwamba tangu nikiwa mdogo ndoto yangu ni kusoma kwenye chuo hicho, na jina nililotaja ni la chuo kingine! Nilinakili kutoka kwenye maombi mengine nikasahau kubadilisha. Shangazi, mwili wote ulinifa ganzi. Tangu siku hiyo naisoma karibu kila usiku, kama vile ipo siku nitakuta limejirekebisha lenyewe.

Halafu baba. Kila jioni akirudi kazini, kabla hajavua viatu, ananiuliza, "Bado?" Neno moja tu. Nami namjibu, "Bado." Anatikisa kichwa, anaingia ndani. Hajawahi kunigombeza hata siku moja, ila ameshawatangazia ndugu wote kwamba mwaka huu ana mtoto anakwenda chuo kikuu, na wao wakipiga simu wanauliza hilohilo. Mama yeye ananiambia subira huvuta heri. Nimeambiwa hivyo mara nyingi mpaka nikiona anafungua mdomo najua kinachokuja.

La mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Rafiki yangu wa tangu darasa la kwanza alipata jibu wiki iliyopita. Amekubaliwa. Alinipigia mimi wa kwanza, kabla hata hajamwambia mama yake. Nilipiga kelele za furaha, nikampa hongera zisizo na idadi. Nilipokata simu nikajifungia chooni nikalia. Sijampigia tena. Akiniandikia namjibu kwa vikatuni vya kucheka, basi. Najiona mtu mbaya.

Hata cherehani nimeiacha. Nilikuwa namshonea mdogo wangu gauni, limebaki halina mikono, linaning'inia nyuma ya mlango. Kila akiniuliza litakwisha lini namwambia nikishapata jibu.

Naomba unisaidie. Niwaandikie chuo kuhusu lile kosa, au nitakuwa najichongea? Na nifanye nini siku zisogee?

Roho Mkononi

*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na lile jina la chuo, maana ndilo linalokuamsha saa tisa. Waandikie. Waandikie leo, kabla ya jioni, na uandike kifupi. Kwanza fungua hiyo akaunti (najua hutahitaji kuhimizwa) utafute kama pana sehemu ya kuongeza taarifa au kupandisha nyaraka. Isipokuwepo, tafuta barua pepe ya ofisi ya udahili. Kisha andika hivi: "Naitwa fulani, namba yangu ya maombi ni hii. Katika aya ya mwisho ya insha yangu nimetaja kimakosa jina la chuo kingine. Nimeambatanisha insha iliyosahihishwa. Naomba radhi, na ninashukuru." Ukiona unaanza kueleza ulikuwa umechoka kiasi gani, au jinsi chuo chao kilivyo bora kuliko hicho ulichokitaja, simama hapohapo ufute. Wakikujibu kwamba hawapokei marekebisho baada ya maombi kutumwa, umepata jibu na jambo limekwisha. Wakikaa kimya, pia limekwisha. Ni barua moja tu. Ya pili ya kuuliza kama waliipata ya kwanza nakukataza.

Unasema unaogopa kujichongea. Kujichongea kwa lipi? Hilo jina wanaliona wenyewe, liko kwenye aya ya mwisho kwa herufi kubwa. Hakuna siri utakayokuwa umeitoa. Utakachokuwa umewaonyesha ni kwamba wewe ni mtu wa kuona kosa lake na kulisema bila kulizungukazunguka. Sitakuahidi kwamba halitakugharimu chochote. Huenda kuna msomaji aliyeguna alipofika hapo. Lakini watu wanaosoma maombi kwa maelfu wameshaliona kosa hilo mara nyingi mno, kwa sababu kila mwombaji ananakili, na insha yako haikusafiri peke yake. Imekwenda na alama zako, na kila kitu kingine ulichowekea jasho miaka yote hiyo.

Mimi mwenyewe, nikiwa mkubwa kuliko wewe, niliwahi kumwandikia mwajiri barua nzuri kabisa ya kuomba kazi nikamsifia yeye na kampuni yake, kisha nikaimalizia kwa kusema nina shauku kubwa ya kufanya kazi na kampuni nyingine. Niliigundua nikiwa nimeshaituma. Sikula siku nzima. Kazi nikapata, na miaka 6 baadaye, siku ya kuniaga, yule bwana akaitoa ile barua mfukoni akaisoma mbele ya watu wote. Sisemi na wewe utabahatika hivyo. Nasema tu kwamba upande wa pili wa karatasi kuna mtu, na mtu naye ameshawahi kukosea.

Ukishatuma, ile insha iondoe kwenye simu. Ihamishie kwenye kompyuta ya nyumbani au mpe dada au kaka akutunzie. Maji uliyamwaga wiki 7 zilizopita, na kuyatazama kila usiku sakafuni hakuyazoi.

Sasa tuje kwenye hizo mara 31.

Katika barua yako yote hukuniambia jambo moja ambalo ningetamani kulijua: vyuo vyako vinajibu lini? Nina hofu hata wewe hujui. Umefungua kurasa hizo mara elfu na kitu, na sidhani kama umewahi kukaa ukatafuta tarehe. Vyuo viko vya aina mbili. Kuna vinavyotoa majibu kwa wote siku moja iliyotangazwa, na kuna vinavyojibu kadiri vinavyomaliza faili moja baada ya jingine. Huko Marekani, kwa mfano, vyuo vingi vyenye ushindani hutoa majibu ya awamu ya kawaida kati ya Machi na mwanzoni mwa Aprili, na waliokubaliwa kwa kawaida hupewa mpaka tarehe 1 Mei kuamua. Uingereza wengi hupewa nafasi yenye masharti, wakabaki na roho juu mpaka matokeo ya mitihani yatoke Agosti. Huko ulikoomba pia kuna kalenda. Itafute, kwa kila chuo kati ya hivyo sita, uziandike tarehe kwenye karatasi moja uibandike ukutani.

Maana ya zoezi hili ni hii. Kwa chuo chenye siku moja ya kutoa majibu, ukurasa wako hautabadilika kabla ya siku hiyo hata ukiufungua mara 300. Kwa chuo kinachojibu kidogo kidogo, ukimya maana yake mara nyingi ni foleni. Na hilo neno "yanapitiwa" lisikutoe roho. Huandikwa na programu, na kwa kawaida hubadilika kwa wote namna moja, nyaraka zikishakamilika au faili likishasogezwa hatua. Hakuna mtu aliyeketi mahali fulani na insha yako mkononi akawaza, "Huyu binti nimwandikie yanapitiwa." Ulicheka kwa ajili ya mashine, na kesho yake ukanuna kwa ajili ya mashine hiyohiyo.

Nakupa ratiba, nami ni mkali kwenye ratiba: mara moja kwa siku, saa moja jioni, ukiwa umekaa kitini. Arifa za barua pepe ziache wazi, kwa sababu jibu likitoka vyuo vingi hukutumia ujumbe. Mlio utakuita wenyewe. Simu ilale sebuleni. Siku za kwanza 3 au 4 utahisi kama umeacha jiko linawaka. Vumilia. Ukiteleza ukafungua saa tano asubuhi, usijitukane, kesho ipo.

Kuna utafiti mmoja naupenda sana kuusimulia, kwa sababu una nyoka. Mwaka 2016 watafiti wa University College London waliwakalisha watu 45 kwenye mchezo wa kompyuta. Unageuza mawe, na kabla hujageuza unabashiri kama chini yake kuna nyoka. Akiwepo, unapigwa shoti ya umeme mkononi, ya kuuma kweli. Wakawapima jasho na mboni za macho, wakawauliza wanajisikiaje. Waliokuwa na mchecheto mkubwa kuliko wote hawakuwa wale waliojua kwa hakika kwamba shoti inakuja. Ilikuwa pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Aliyejua atapigwa alitulia kuliko aliyekuwa hajui. Wewe una mawe sita, mwanangu, na umeyageuza mara 31 kabla ya chakula cha mchana. Mwili wako unafanya kazi yake kama kawaida, hujarogwa wala hujalegea.

Tena nikupe habari ambayo hukuitarajia. Mwanasaikolojia Kate Sweeny wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, aliwafuatilia wahitimu 230 wa sheria waliokuwa wakisubiri matokeo ya mtihani wa uwakili. Walifanya mtihani Julai, matokeo yakatoka Novemba. Miezi 4! Katika miezi hiyo wakajaribu kila mbinu unayoijua: kujifanya hawajali, kujipa moyo, kujitia shughuli. Mbinu nyingi hazikuwapunguzia wasiwasi. Lakini matokeo yalipotoka, waliosubiri kwa tabu ndio waliopokea vizuri zaidi. Wakiwa wamefeli, walijipanga upya haraka. Wakiwa wamefaulu, furaha yao ilikuwa kubwa kuliko ya wale waliosubiri wamekunja nne. Kwa hiyo mtu akikuambia tulia, acha wasiwasi, mjibu kwa heshima kwamba unaendelea na matayarisho.

Kitu kimoja kilichoonekana kusaidia, katika kazi ya baadaye ya Sweeny na wenzake, ni kuzama kwenye shughuli: ile hali ya kufanya jambo lenye ugumu wa kiasi, gumu la kutosha kukushika akili na jepesi la kutosha usikate tamaa, mpaka ukiinua macho unakuta jua limezama. Kutazama video moja baada ya nyingine hakuna ugumu wowote, akili inabaki na nafasi ya kuwaza. Nilipofika hapo kwenye barua yako ndipo nilipotaka kuja kukutikisa. Una cherehani! Una gauni halina mikono nyuma ya mlango!

Nimeshona kidogo katika maisha yangu, kwa hiyo najua ninachokuambia. Kupachika mkono wa gauni ni kazi isiyotaka mawazo mawili. Kichwa cha mkono ni kikubwa kuliko tundu la kwapa, na lazima kiingie humo bila kutengeneza hata kikunyanzi kimoja. Unapiga mistari miwili ya mishono mirefu ya muda, unavuta nyuzi polepole, unagawa kitambaa kilichozidi kwa vidole, unabana pini hapa, unatoa pale, unageuza nje ndani, unakuta umepachika mkono wa kulia upande wa kushoto, unafumua. Hebu niambie, ukiwa na pini saba mdomoni utauliza nini kuhusu udahili? Na mdogo wako uliyemwambia asubiri mpaka upate jibu, unajua umemfanyia nini? Umempa foleni yake mwenyewe. Mkono wa kwanza uwe umeingia kabla ya wiki hii kwisha.

Baba yako sasa. Nimesoma sehemu hiyo mara tatu na kila mara nimemhurumia zaidi. Yeye hana akaunti wala neno la siri. Hana ukurasa wa kuvuta chini kwa kidole ujipakie upya. Ana wewe tu. Anakwenda kazini, pale kuna watu aliowaambia, nao bila shaka wanamuuliza. Anarudi na swali lao kifuani, na kabla hajavua viatu anabofya mahali pekee anapoweza kubofya. "Bado?" Wewe mara 31, yeye mara moja. Kwa hesabu hiyo amekushinda kwa staha.

Hilo halimaanishi uendelee kubeba. Mfuate siku ya mapumziko, asubuhi, wakati hajachoka, uende na ile karatasi yenye tarehe. Mwambie: "Baba, shikamoo. Najua unasubiri kama mimi. Majibu yanatoka tarehe hizi. Siku yoyote nikipata, wewe na mama mtajua kwanza, saa hiyohiyo, liwe zuri liwe baya. Naomba hapa katikati usiniulize, kwa sababu kila nikijibu 'bado' najiona nimekuangusha." Mwachie na nakala ya karatasi. Wanaume wa aina ya baba yako hupenda sana karatasi yenye tarehe. Nisingeshangaa ukiikuta imekunjwa kwenye pochi yake. Na kama una ujasiri wa ziada, mwombe akusaidie na ndugu: yeye ndiye aliyetangaza, basi yeye ndiye awe msemaji. Simu zikija, sema, "Muulizeni baba."

Mama na subira yake mwache. Nimetamani kukutania kwamba hata mimi ningekuambia hivyohivyo, lakini umeshajaa. Mtu anayekupenda akikosa la kufanya hutafuta la kusema, naye hakupata jingine.

Kuhusu rafiki yako nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo unapoweza kupoteza kitu ambacho hakuna ofisi ya udahili itakayokurudishia.

Kiswahili kina maneno mawili hapa, nasi tunayachanganya. Wivu ni kutaka na wewe uwe nacho alichonacho mwenzio. Husuda ni kutaka na yeye akikose. Pima ulivyolia kule chooni. Ulitaka barua yake ifutwe? Ulitaka arudi kwenye foleni ateseke nawe? Naona hapana. Ulitaka ungekuwa umesimama pale aliposimama, na uliogopa kwamba yeye anaondoka na wewe unabaki. Mtu mbaya hakimbilii chooni kulia ili mwenzake asisikie. Zile kelele za furaha zilikuwa za kweli, na yale machozi yalikuwa ya kweli, na vyote viwili vilitoka kwenye kifua kimoja ndani ya dakika 5. Binadamu ana nafasi hiyo.

Kosa lako, na hapa sikupambi, ni vikatuni. Msichana aliyekupigia wewe kabla ya mama yake sasa hivi anapokea vichwa vya njano vinavyocheka. Kama ana akili ninayodhani anayo, ameshaelewa, na amenyamaza kuhusu chuo chake ili asikuumize. Maana yake furaha yake ya kwanza kubwa maishani anaifurahia kwa kunyata. Wewe unadhani unamficha wivu wako. Yeye anakuficha furaha yake. Mnajificha wote wawili nyuma ya pazia moja.

Mpigie. Usimwandikie, mpigie. Mwambie, "Nimekuwa kimya kwa sababu nilikuonea wivu, na nikaona aibu kukuonea wivu. Nimefurahi umepata. Mimi bado nasubiri na naogopa mno. Hebu niambie vizuri, jibu lilikujaje, ulikuwa wapi?" Halafu msikilize mpaka mwisho, hata kama tumbo linawaka moto. Anakudai simulizi hiyo, na wiki nzima amekosa wa kumsimulia.

Nimebakiza lile usiloniuliza, ila liko katikati ya kila mstari: itakuwaje wakikataa?

Tenga saa moja, moja tu, mchana kweupe. Andika vyuo sita, na mbele ya kila kimoja andika utafanya nini wakisema ndiyo na utafanya nini wakisema hapana. Andika pia utafanya nini wakikuweka kwenye orodha ya wanaosubiri, maana hilo nalo ni jibu, na huwapiga watu chenga kwa sababu linarefusha yaleyale. Na andika ikiwa wote sita watakataa: awamu nyingine ya maombi kama ipo, mwaka mmoja wa kujifunza ufundi au kufanya kazi kisha kuomba tena, chuo kingine kinachopokea kwa kuchelewa. Kunja karatasi, iweke kwenye droo. Ukiamka saa tisa na swali hilo, jibu lake liko kwenye droo na mwandiko ni wako.

Nami nikuambie nilichokipata huko nje kuhusu hofu yenyewe. Kuna watafiti waliowauliza wanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha Marekani, ambako mabweni hugawiwa kwa kura, watajisikiaje mwaka mmoja baadaye wakipangiwa bweni zuri au baya. Walitabiri kwamba bweni baya lingewapunguzia furaha sana. Mwaka ukapita, wakawauliza tena: wa bweni baya na wa bweni zuri walikuwa na furaha karibu sawa. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2003. Tunakosea sana tunapokadiria tutaumia kiasi gani na kwa muda gani. Kuhusu vyuo vyenyewe, wanauchumi Stacy Dale na Alan Krueger walichapisha mwaka 2002 uchambuzi wa mapato ya Wamarekani walioomba na kukubaliwa kwenye vyuo vya aina moja, kisha wengine wakaenda kwenye chuo kisicho na jina kubwa. Kwa jumla mapato yao hayakutofautiana na ya wenzao. Ila kulikuwa na kundi moja ambalo chuo chenye ushindani kiliwasaidia: waliotoka familia zenye kipato kidogo. Sikufichi hilo, kwa sababu sitaki uje useme Shangazi alinidanganya kwamba chuo ni chuo tu. Kina uzito wake. Ila hakina uzito ulioupa saa tisa usiku.

Kitu kimoja kwa haraka, na usikipuuze. Ukiona wiki mbili zinakatika hulali wala huli, au likakujia wazo kwamba wakikukataa ni heri usiwepo, usiniandikie mimi. Muamshe mama usiku huohuo umwambie, na asubuhi mkamwone daktari. Hilo linatibika, na halingoji tarehe ya chuo.

Siku yenyewe ikifika, usifungue jibu ukiwa kwenye foleni. Chagua mapema utakuwa wapi na nani atakuwa karibu. Mimi nilipokea la kwangu kwa posta, enzi ambazo tulipima bahasha kwa uzito kabla ya kuifungua, nene ikiwa ndiyo na nyembamba ikiwa hapana. Yangu ilikuwa nyembamba kama jani. Niliikalia, kweli niliikalia kama kuku, kutoka saa nne asubuhi mpaka mama aliporudi jioni, kwa sababu sikutaka kuwa peke yangu nayo. Aliifungua yeye. Akaisoma kimya, akaikunja, akaniambia nimsaidie kuanua nguo, mvua inakuja. Tulianua nguo. Nililia nikiwa na shuka mikononi, naye alikuwa ameshika upande wa pili tukilikunja. Mwaka uliofuata nikaomba kwingine.

Jibu likija niandikie. Lakini barua ianze na yule rafiki yako: ulipompigia, alisema nini?

Shangazi